Karatasi moja inayokosekana: mwongozo kamili wa kufuatilia vipimo vya saratani

Mgonjwa wa saratani huulizwa swali lilelile katika kila chumba anachoingia: "Majibu ya kinyama yako wapi?" Yaani majibu ya kipande cha uvimbe kilichochukuliwa kupimwa. Nimekaa kwenye mabenchi ya hospitali na ndugu zangu, na nimewaona wengi wakilijibu kwa kufungua bahasha nene: picha za ultrasaundi, karatasi za damu, CT-skani mbili. Karatasi inayoulizwa haimo. Wanarudishwa nyumbani, mwezi unakatika, na uvimbe haujui kusubiri.

Mwongozo huu ni wa mgonjwa na wa yule anayemuuguza. Haufundishi matibabu. Unalenga jambo moja: ufike kwa daktari bingwa wa saratani ukiwa na jibu kamili mkononi, na ukiwa unaelewa linasema nini.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Daftari moja tu. Kila tarehe, jina la kipimo, mahali kilipofanyika na namba ya sampuli viingie humo.
- Faili gumu la kutunzia karatasi kwa mpangilio wa tarehe, pamoja na CD za picha.
- Simu yenye kamera. Kila karatasi ipigwe picha siku ileile inapotolewa. Karatasi hulowa, husahaulika kwenye gari, huchukuliwa na kliniki isiyoirudisha.
- Orodha ya dawa zote anazotumia mgonjwa. Dawa za kuzuia damu kuganda, aspirini, metformini ya kisukari na dawa za mitishamba zisisahaulike.
- Historia ya ukoo: nani aliugua saratani, ya kiungo gani, na alikuwa na umri gani.
- Mfuatiliaji mmoja. Ndugu watano wakigawana kazi hii, kila mmoja atadhani mwenzake amekwenda maabara. Chagueni mmoja, wengine wamsaidie kwa nauli na kwa kumpokea zamu.

## Hatua ya 1: Andika dalili, kisha chunguza jina zilizopewa

Andika dalili ilianza lini, imebadilika vipi, na imetibiwa kwa dawa gani mpaka leo. Daktari akisikia "muda mrefu kidogo" hana la kushika. Akisikia "miezi minne, kwanza ugali na nyama vilikwama, sasa hata uji unapita kwa shida" anajua papo hapo kwamba umio unatakiwa kuangaliwa.

Hapa ndipo muda mwingi hupotea, kwa sababu saratani nyingi huanza zikiwa zimevaa jina la ugonjwa mwingine:

Kikohozi kinachoitwa kifua kikuu. Saratani ya mapafu na kifua kikuu hufanana sana: kikohozi, damu kwenye makohozi, kukonda, doa kwenye eksirei. Kama mgonjwa ameanzishiwa dawa za kifua kikuu bila vijidudu kuonekana kwenye makohozi, na wiki kadhaa zimepita bila nafuu, rudini mkaombe CT-skani ya kifua na uchunguzi zaidi.

Damu kwenye choo inayoitwa bawasiri. Inaweza kuwa bawasiri kweli. Lakini mtu asipopimwa kwa kidole wala kwa kamera, hilo ni kisio tu. Choo kikibadilika ghafla, kikawa na damu, na mtu akaishiwa damu bila sababu inayojulikana, anahitaji kolonoskopi, yaani kamera ya kuangalia utumbo mpana.

Maumivu ya tumbo yanayoitwa vidonda vya tumbo. Dozi ya kwanza ya dawa ni sawa. Dozi ya tatu kwa mtu mzima anayekonda, anayetapika au anayetoa choo cheusi si sawa, anahitaji endoskopi, yaani kamera inayopitishwa mdomoni hadi tumboni.

Damu ya ukeni inayoitwa mvurugiko wa homoni. Damu baada ya tendo la ndoa, au baada ya hedhi kukoma kabisa, ni ya kuchunguzwa hata ikitokea mara moja.

Uvimbe kwenye titi unaopuuzwa kwa sababu hauumi. Uvimbe mwingi wa titi si saratani, hilo ni kweli. Ila kutouma si dalili ya usalama, maana saratani ya titi mara nyingi haiumi mwanzoni. Angalia pia ngozi iliyovutwa ndani, chuchu iliyogeuka, chuchu inayotoa damu, au tezi kwapani.

Kwa watoto, mng'ao mweupe kwenye mboni ya jicho, hasa unaoonekana kwenye picha zilizopigwa kwa mwanga wa kamera, na taya linalovimba haraka ni mambo ya kupelekwa hospitali wiki hiyohiyo.

Umefaulu hatua hii ukiwa na ukurasa mmoja wa dalili zenye tarehe, na rufaa inayotaja uchunguzi wa uvimbe au wa kiungo husika.

## Hatua ya 2: Vipimo vya awali, na kile visichoweza kusema

Picha huonyesha umbo na mahali. Damu huonyesha kemikali. Vyote viwili hutoa shaka, na shaka hiyo ndiyo inayoelekeza sindano mahali pa kuchoma. Watu wengi huishia hapa wakidhani wameshapata jibu.

Chukua PSA, kipimo cha damu cha tezi dume. Hupanda kwa saratani, lakini hupanda pia kwa tezi kukua kwa sababu ya umri, kwa maambukizi ya njia ya mkojo, na baada ya kuwekewa mpira wa mkojo. Mwanamume aliyepona maambukizi ya mkojo hushauriwa asubiri takribani wiki 6 kabla ya kupima, na asipime ndani ya saa 48 baada ya kutoa shahawa. Nimeona mzee akilia kwa PSA iliyopimwa siku ambayo alikuwa bado na mpira. Namba ile haikuwa na maana yoyote.

CEA na CA-125, alama nyingine zinazopimwa kwenye damu, nazo hazigundui saratani kwa mtu mwenye tumbo linalouma. Kazi yake kubwa ni kufuatilia mgonjwa ambaye tayari anajulikana. Kipimo cha damu kinachouzwa kama "cha saratani zote" kisikumalizie fedha za kuchukua kinyama.

Ripoti ya mamografia, yaani eksirei ya titi, au ya ultrasaundi ya titi huwa na namba ya BI-RADS inayoonyesha kiwango cha shaka, kuanzia 0 hadi 6. Sifuri maana yake picha hazijatosha, ziongezwe. 1 na 2 hazina wasiwasi. 3 hurudiwa baada ya muda mfupi, mara nyingi miezi 6. 4 na 5 zinahitaji kinyama. 6 ni kwa aliyekwisha kuthibitishwa. Ukiwa na 4 au 5 na ukaambiwa "tuendelee kuangalia", uliza kwa upole lakini bila kuondoka kitini: "Daktari, kinyama tutachukua lini?"

Kwa mlango wa kizazi kuna tofauti nzuri: kipimo cha virusi vya HPV, au kupaka asidi ya siki na kuangalia kwa macho, huweza kukamata mabadiliko kabla hayajawa saratani. Aina ya 16 na ya 18 za HPV peke yake husababisha takribani asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi. Majibu ya HPV kuwa chanya hayamaanishi una saratani. Yanamaanisha kuna hatua inayofuata, na usiikose.

Tahadhari kuhusu CT-skani yenye dawa ya mshipani: mwambie mtaalamu kama mgonjwa ana figo dhaifu, anatumia metformini, au aliwahi kupata mzio wa dawa hiyo. Kwa MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, taja chuma chochote kilicho mwilini.

## Hatua ya 3: Kuchukua kinyama

Hii ndiyo roho ya safari yote, kwa hiyo nitakaa hapa.

Kinyama, yaani biopsi, ni kipande cha uvimbe kinachopelekwa kwa mtaalamu wa patholojia akakiangalie kwa hadubini. Bila yeye, karibu saratani zote hazijathibitishwa, na daktari makini hataanza tibakemikali wala mionzi kwa kukisia.

### Hofu ya kisu

"Ukiugusa utasambaa." Maneno haya yameua watu. Kwa kawaida uvimbe hausambai kwa sababu umechomwa sindano na mtaalamu. Kinachotokea ni kwamba wengi huja kuchukuliwa kinyama wakati tayari umesambaa, halafu sindano ndiyo inayolaumiwa. Kuna viungo vyenye utaratibu wake, mathalani korodani: uvimbe wake hauchomwi sindano kupitia mfuko, bali korodani huondolewa kwa upasuaji wa kinenani na kupimwa yote. Daktari wa upasuaji anajua hilo.

### Ni kinyama cha aina gani?

Uliza. Swali hili huokoa miezi.

*Sindano nyembamba* hunyonya seli chache. Ni rahisi na haraka, lakini huona seli zilizotawanyika bila mpangilio wake. Kwa titi, haiwezi kueleza vizuri kama saratani imepenya au bado imo ndani ya mfereji wa maziwa, na mara nyingi haitoshi kwa vipimo vya homoni (tutavieleza Hatua ya 5).

*Sindano nene* hukata vipande vyembamba kama kijiti cha kiberiti. Kwa titi ndiyo inayofaa zaidi. Kwa tezi dume, hukatwa vipande 10 hadi 12 au zaidi kutoka pande mbalimbali.

*Kamera* huchukua kinyama cha umio, tumbo, utumbo mpana, kibofu au njia za hewa. Kipande kimoja hakitoshi, vichukuliwe kadhaa.

*Kuondoa tezi ya limfu nzima* kunafaa limfoma, saratani ya tezi hizo, inaposhukiwa, kwa sababu mpangilio wa tezi ndio unaotoa jibu. Hapa sindano nyembamba imewapotezea muda wagonjwa wengi mno.

Saratani ya damu hupimwa kwa damu yenyewe na uboho wa mfupa wa nyonga. Saratani ya ini ina upekee: kwa mtu mwenye ini lililosinyaa kwa makovu, CT-skani ya awamu kadhaa au MRI inaweza kutosha kuithibitisha bila kinyama. Kwa hiyo ukiambiwa ini halihitaji sindano, si uzembe.

### Siku yenyewe

Mwambie daktari kuhusu dawa za kuzuia damu kuganda siku kadhaa kabla. Usiziache kwa uamuzi wako. Kuna wanaohitaji kuziacha na kuna ambao kuziacha ni hatari kubwa zaidi.

Kinyama kikishatoka, kinatakiwa kuingia haraka kwenye chombo chenye formalini, ndani ya saa moja. Formalini huzuia kuoza na kuhifadhi seli zionekane kama zilivyokuwa mwilini. Iwe nyingi, takribani mara 10 ya ukubwa wa kinyama. Maji ya chumvi si badala yake, wala spiriti. Kwa kinyama cha titi muda wa kukaa humo una mipaka: kisipungue saa 6 wala kisizidi 72, la sivyo vipimo vya homoni vinaweza kutoa majibu ya uongo.

Kama hospitali inakupa chombo ukipeleke mwenyewe maabara, fanya hivi kabla hujatoka mlangoni:

1. Soma lebo iliyobandikwa kwenye chombo, siyo kwenye kifuniko. Vifuniko hubadilishana.
2. Hakikisha ina majina yote ya mgonjwa, tarehe, saa, kiungo na upande: kulia au kushoto.
3. Angalia fomu: je, daktari ameandika umri, dalili na anachoshuku? Mtaalamu wa patholojia asiyepewa historia anasoma gizani.
4. Piga picha chombo na fomu pamoja.
5. Peleka siku hiyohiyo. Kisiwekwe kwenye friza.

Nilijifunza la kwanza kwa uchungu. Shangazi yangu alichukuliwa kinyama mara mbili kwa sababu chombo cha kwanza kilifika maabara bila jina. Mara ya pili ilibidi tumbembeleze kwa wiki nzima, maana maumivu alikuwa ameshayajua.

Umefaulu hatua hii ukiwa na namba ya maabara iliyoandikwa kwenye daftari, na tarehe ya kufuata majibu.

## Hatua ya 4: Fuatilia mpaka ripoti iwe mkononi

Ukimya wa maabara si habari njema wala mbaya. Kinyama hulowekwa, hugandishwa kwenye nta, hukatwa nyembamba kuliko unywele, hupakwa rangi, ndipo kisomwe. Siku kadhaa ni za kawaida. Tarehe uliyopewa ikipita, piga simu au nenda ukiwa na namba ya sampuli. Usiulize "mmemaliza?" Uliza: "Sampuli hii iko hatua gani, na ni nini kinachosubiriwa?"

Shirika la Afya Duniani limeweka lengo kwamba kwa saratani ya titi, uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike mara ya kwanza kituoni. Itumie kama saa yako ya ukutani, hata kwa saratani nyingine.

Ripoti ikitoka, nani aambiwe kwanza? Familia nyingi humficha mgonjwa. Naelewa upendo ulio nyuma ya jambo hilo, lakini silikubali. Mtu asiyejua anaumwa nini hukataa sindano, hukimbia kliniki, na hulala macho akijua kuna kitu anafichwa. Muulizeni kabla majibu hayajatoka: "Ungependa kuambiwa yote, au tumwambie nani?" Kisha heshimuni jibu lake.

## Hatua ya 5: Soma ripoti mstari kwa mstari

Anza na sehemu ya mwisho, hitimisho. Tafuta mambo manne.

Jina la ugonjwa. Karsinoma na adenokarsinoma ni saratani. Sarkoma na limfoma pia. Lakini si kila neno linaloishia na "oma" ni saratani: lipoma ni uvimbe wa mafuta, fibroadenoma ni uvimbe wa titi usio na madhara. Ukiona "in situ", seli mbaya bado hazijavuka ukuta wake. Ni habari ya kuchukuliwa kwa uzito, lakini ni nzuri kuliko kupenya.

Daraja. Hueleza seli zina ukali gani zikitazamwa. Kwa titi ni 1 hadi 3. Kwa tezi dume utaona alama ya Gleason, kwa kawaida 6 hadi 10, pamoja na kundi la 1 hadi 5. Gleason 6 ndiyo ya chini, ingawa masikio husikia "6 kati ya 10" na kuogopa.

Vipimo vya nyongeza. Kwa titi havikosi: ER, PR na HER2. Viwili vya kwanza hueleza kama uvimbe unalishwa na homoni, hivyo vidonge vya homoni vinaweza kuuzuia. HER2, protini inayochochea baadhi ya uvimbe kukua, huandikwa 0, 1+, 2+ au 3+. 3+ ni chanya. 2+ si jibu. Inahitaji kipimo kingine cha kuamua. Ripoti ya saratani ya titi isiyo na hivi vitatu ni nusu ripoti. Omba viongezwe kwenye kinyama kilekile, bila kumchoma mgonjwa upya.

Utoshelevu. Soma kwa makini kama imeandikwa kwamba sampuli haikutosha. "Hatukuona saratani kwenye kipande hiki" si sawa na "hakuna saratani". Kama picha ilitisha na kinyama kikaja safi, huenda sindano ilikosa shabaha. Rudini, kirudiwe. Sijui kosa linaloumiza kuliko familia kusherehekea jibu la namna hiyo na kurudi mwaka ukiisha.

## Hatua ya 6: Pima imefika wapi

Daraja na hatua watu huvichanganya kila siku. Daraja ni tabia ya seli. Hatua ni safari iliyokwishafanyika: I hadi IV. Mtu anaweza kuwa na daraja la 3 na hatua ya I, yaani saratani kali iliyowahiwa.

Utaona herufi TNM. T ni ukubwa au kina cha uvimbe, N ni tezi za limfu za jirani, M ni kusambaa mbali. Saratani za damu hazitumii mfumo huu.

Si kila mgonjwa anahitaji kila picha. Uvimbe mdogo wa titi usio na dalili nyingine hauhitaji kuskani mwili mzima. Uliza kila picha itabadilisha nini katika matibabu.

Na jambo hili liwekeni wazi nyumbani: saratani ya titi iliyofika kwenye ini bado ni saratani ya titi, na hutibiwa hivyo. Mgonjwa hana "saratani mbili".

## Hatua ya 7: Kikao cha kwanza na daktari bingwa

Nendeni wawili. Mmoja asikilize, mwingine aandike. Chukueni faili, CD, na ripoti halisi. Kama mnahamia hospitali nyingine, ombeni maabara ya kwanza vipande vya nta vyenye kinyama na vioo vyake vya hadubini, siyo karatasi tu, maana hospitali mpya inaweza kutaka kuvisoma upya. Andikeni mlivikabidhi kwa nani.

Maswali yangu ni haya:

- Ni saratani ya kiungo gani, aina gani, hatua gani?
- Kuna kipimo kinachokosekana kabla ya kuanza?
- Lengo ni kuponya, au kuzuia isiendelee na kumpunguzia maumivu?
- Kipi kinaanza: upasuaji, dawa au mionzi, na kwa nini hicho?
- Dalili gani nikiiona nyumbani nije usiku huohuo?

Kwa mgonjwa kijana anayetarajia kuzaa, ulizeni kuhusu uzazi kabla dozi ya kwanza haijaingia. Baada ya hapo nafasi inaweza kuwa imepita.

Kabla hamjainuka, msomeeni daktari mlichoandika, naye asahihishe. Kisha andikeni chini yake tarehe ya miadi ijayo, chumba, na namba ya simu ya kupiga mkikwama.